Kuomba msamaha kabla ya Yom Kippur

Ndugu yangu, umeuliza kama mfungo na sala za Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, vinatosha kufuta maneno makali uliyomtamkia dada yako, ambaye hadi sasa hapokei simu zako. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sura ya mwisho ya Yoma, sehemu yake inayohusu Yom Kippur, inajibu waziwazi: siku hiyo hufunika makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, lakini yaliyo kati ya mtu na mwenzake hayafunikwi mpaka amridhishe aliyemkosea. Kwa hiyo usingoje jioni ya Kol Nidre, sala inayofungua Yom Kippur. Mwezi wa Eluli, unaotangulia Mwaka Mpya wa Kiyahudi, na siku 10 za toba, kuanzia Mwaka Mpya huo hadi Yom Kippur, ni wakati wa kazi hiyo hasa. Mwendee, utaje kosa lenyewe bila kujitetea, na kama ulimvunjia heshima mbele ya watu, nionavyo ni haki wao pia wasikie ukikiri. Akikataa, Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, anafundisha kwamba umpelekee rafiki zake watatu wamsihi, na urudie hivyo mara ya pili na ya tatu; akishikilia kukataa baada ya hapo, kosa linakuwa lake. Nakusihi usiharakishe kuzimaliza mara hizo tatu. Anza kwa kumtuma shangazi au mtu mwingine anayemwamini, amuulize ni lini atakuwa tayari kukusikiliza.