YouTube ni ya kusambaza, si ya kuhifadhi

Je, ukipandisha hadithi za wazee YouTube, umezihifadhi? Hapana, kupandisha peke yake si kuzihifadhi. Kule sauti na picha hubanwa ili faili liwe dogo, ubora ukapungua, na akaunti ikifungwa, hadithi zinaondoka nayo. Hifadhi zenyewe za rekodi za lugha, kama PARADISEC ya Australia iliyoanza 2003, au ELAR iliyoanzia chuo cha SOAS, London, na sasa iko Berlin, hutunza faili la sauti lisilobanwa, yaani WAV, pamoja na taarifa zake: nani anasimulia, kwa lugha na lahaja gani, wapi, lini, na nani alirekodi. Taarifa hizo ndizo wengi wanazisahau, na ndiyo hasara inayouma zaidi. Sauti isiyo na jina wala lugha, baada ya miaka 30 nani ataitambua?

Ukiweza, andika pia yanayosemwa na uongeze tafsiri. Programu ya ELAN hailipiwi na inaunganisha kila sentensi na sekunde zake kwenye rekodi, kwa hiyo hata mjukuu asiyeijua lugha vizuri ataweza kufuatilia.

Angalizo moja: si kila hadithi ni ya kila mtu. Zipo zinazosimuliwa msimu fulani tu, na zipo za ukoo. Mwombe msimulizi ruhusa kabla ya kurekodi, umweleze rekodi itakwenda wapi. ELAR ina viwango vya ruhusa, hivyo rekodi inaweza kutunzwa bila kufunguliwa kwa umma. Akiridhia, hapo nakala ya YouTube haina tatizo.