Kwa madereva wa dharura wa milimani: wajueni watu wenu kabla ya masika

Kijana mmoja wa Makete ameniandikia. Ameandikishwa kuwa dereva ngazi ya jamii kwenye m-mama, mfumo wa kuwasafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga wenye dharura, gari lake zima, barabara za kwao anazijua hata gizani. Lakini anasema akifika hospitali anaonekana msumbufu. Mlinzi anamwambia akaegeshe kule nyuma, nesi anamuuliza ametumwa na nani. Anataka kujua sisi wa Usambara tunafanyaje mpaka tunapokelewa vizuri. Nilimjibu kwa simu, ila naona majibu yanawafaa wengi, maana najua hamkuingia kazi hii kwa ajili ya nauli peke yake.

Mfumo wenyewe mnaujua. Mjamzito akipata dharura, au mama aliyejifungua ndani ya siku 42, au mtoto mchanga ambaye hajamaliza siku 28, mtu anapiga 115 bure. Mratibu anauliza maswali, anaangalia mgonjwa apelekwe kituo gani, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana anatupigia sisi. Serikali iliutangaza kwa nchi nzima Aprili 2022, baada ya kujaribiwa Sengerema na Shinyanga. Kwenye karatasi umenyooka kabisa. Huku kwetu, kati ya kitongoji na lami kuna mteremko ambao gari halishuki, kuna sehemu simu haishiki, na masika yakianza barabara ya jana leo haipo.

Masika haya nilipigiwa saa nane usiku. Mama amejifungulia zahanati, damu haikatiki. Mnajua damu hiyo inaweza kumuua mtu ndani ya saa mbili. Mvua ilikuwa haijakatika tangu jioni. Kabla sijawasha gari nilimpigia mwenyekiti wa kitongoji kilicho katikati ya njia, kwa sababu yeye huwa anajua udongo umeshuka wapi. Akaniambia kona ya tatu baada ya mto imefunikwa, hata pikipiki haipiti. Nikampigia dereva mwenzangu wa upande wa pili, naye akampigia mratibu wa 115 ili jina lake liingizwe kwenye safari. Mganga mfawidhi wa zahanati akampandisha nesi kwenye gari langu, dripu ikining'inia kwenye kamba ya dirishani.

Tulipofika kwenye udongo vijana wa kitongoji walishatangulia na machela. Mwenyekiti aliwaamsha nyumba kwa nyumba. Walimvusha yule mama kwenye tope lililowafika magotini, nesi pembeni ameinua dripu juu, na upande wa pili mwenzangu alikuwa ameshageuza gari, taa zinawaka. Mimi nilibaki na gari langu. Walipofika hospitali damu ilikuwa imeshaandaliwa, maana nesi alimpigia mtu wa zamu ya wodi ya wazazi tangu tukiwa zahanati, akamtajia na kundi la damu. Mama yule yupo, analea. Najivunia usiku ule, sitaficha, ingawa mgonjwa hakumalizia safari kwenye gari langu.

Sasa tazameni simu zilizopigwa usiku ule, muone kama kuna hata moja iliyopigwa kwa mtu mgeni. Mwenyekiti nimekula kwake. Dereva mwenzangu tunasaidiana vipuri. Nesi wa wodi namjua kwa jina, na yeye ananijua kwa sauti. Hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo: mjue mtu kabla hujamhitaji.

Nasema hivi kwa uchungu pia. Mwaka mmoja nilimshusha binti wa kifafa cha mimba kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Taarifa ilitolewa kama inavyotakiwa, lakini iliishia kwa mtu aliyekuwa anamaliza zamu, naye hakumwambia mwenzake. Tukaambiwa geti halifunguliwi mpaka daktari ajulikane ni nani anayetupokea. Mama wa yule binti alikuwa amenishika mkono wa shati akiniambia, "Baba, sema nao." Nilisema mpaka sauti ikakauka. Binti alipona, namshukuru Mungu, lakini zile dakika za getini bado zinaniuma, na sidhani kama zitaacha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nendeni hospitali mchana wakati hamna mgonjwa. Salimieni walinzi. Ombeni kumwona kiongozi wa wodi ya wazazi, mwacheni awaone sura. Ulizeni zamu zinabadilishana saa ngapi, kwa sababu taarifa hupotea hapohapo. Na mkiwa njiani nesi wenu apige tena, hata kama mratibu ameshapiga.

Fanyeni vivyo hivyo kwa wengine. Barabara kubwa kama ile ya kutoka Mombo kupanda Lushoto iko chini ya TANROADS, zile za vijijini ni za TARURA. Ukimpigia asiyehusika utazungushwa mpaka mvua iishe, kwa hiyo tafuta namba ya mhandisi mhusika mwezi wa pili, masika hayajaanza. Jua pia nani kijijini ana trekta. Ajali ya gari haimo kwenye 115 yetu. Kama kuna mtu amebanwa kwenye vyuma, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi nao wapigieni mapema, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ishughulikiwe wakati majeruhi anatibiwa, asilale kwenye benchi akisubiri karatasi. Wote hawa, nasema tena, wajueni kabla.

Na kuhusu malipo aliyouliza kijana wa Makete: hela inaingia kwenye simu baada ya kituo kinachopokea kuthibitisha kwamba mgonjwa amefika. Usigeuze gari kabla nesi hajathibitisha, na usimsumbue akiwa bado ameinama juu ya mgonjwa. Kaa pale nje mpaka atoke.