Kinachotazamwa ni mahali pa kazi, si anwani ya ofisi

Ndugu, umeuliza kama kampuni yako ya usafi, ambayo ofisi yake iko nje ya mipaka ya jiji la Los Angeles, inaweza kuwalipa wafanyakazi wote kima cha chini cha mshahara cha jimbo la California. Haiwezi, kwa sababu mfanyakazi unayemtuma kusafisha jengo lililo ndani ya jiji hilo kwa saa 2 au zaidi katika wiki anastahili kulipwa kima cha jiji kwa saa hizo, nacho ni kikubwa kuliko cha jimbo. Kile cha shirikisho, yaani cha serikali kuu ya Marekani, dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009, na kwako hakina kazi. Kinachowaponza waajiri wengi, kwa maoni yangu, ni kalenda: jimbo hupandisha Januari 1, jiji hupandisha Julai 1. Kabla ya kununua programu yoyote ya mishahara, hakikisha kila karatasi ya mahudhurio inaonyesha jengo na saa, maana programu inaweza kuvijua viwango vyote bila kujua mtu wako alikuwa wapi Jumanne.