Muulize Baharia: Bahari ikiganda, meli itang'oa nanga?

Kwa kawaida barua za safu hii huwa za majahazi, boti za Unguja na mizigo iliyolowa. Mwezi huu nimeletewa nne za barafu, tatu kati yake kutoka Finland. Wasomaji wamekumbuka kwamba kabla sijarudi Mkoani, Pemba, nilikaa miaka 19 nikifunga na kufungua amari, zile kamba nene za kufungia feri gatini, katika bandari ya Helsinki. Basi nazijibu zote pamoja.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni muuguzi, naishi Espoo. Mama anakuja kunitembelea mwezi wa pili, nami nimekata tiketi za meli ya kwenda Stockholm, Uswidi, na kurudi, usiku mbili, tukale chakula cha mchana na dada yangu anayeishi huko. Mama amesikia bahari imeganda, anasema hapandi ng'o. Yeye ni wa Muleba, na mwaka 1996 tulipoteza ndugu kwenye MV Bukoba, kwa hiyo siwezi kumlazimisha. Meli huwa zinaondoka kweli? Na ikikwama katikati usiku?*
*Muuguzi, Espoo*

Marahaba mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na hofu yake usiicheke. Mtu wa ziwani aliyezika watu mwaka ule ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kukanyaga ngazi ya meli yoyote.

Meli huondoka. Katika miaka yangu 19, safari ambazo feri yetu haikutoka kabisa nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na karibu zote ziliharibiwa na dhoruba au injini. Barafu huchelewesha, kuzuia kabisa ni nadra. Feri za njia hiyo zimeundwa kwa ajili yake. Chuma cha omoni, yaani mbele ya meli, ni kinene, mbavu za ndani zimekaribiana, na rafadha zake, yaani pangaboi, zinastahimili kupigwa na mabonge. Wafini na Waswidi wana madaraja yao ya meli za barafu: la juu kabisa, IA Super, limepimiwa barafu ya unene wa mita 1, linalofuata, IA, sentimita 80. Silja Serenade, iliyoundwa Turku mwaka 1990, ni ya daraja hilo la juu. Na barafu iliyo mbele ya Helsinki katika mwaka wa kawaida mara nyingi haifiki nusu mita. Zile meli kubwa nyeupe za watalii unazoziona hapo majira ya joto ni habari nyingine. Nyingi hazina daraja la barafu, na ndiyo maana baridi ikiingia huzioni tena.

Sasa mwambie mama jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliamini mpaka nilipoliona: penye barafu hakuna mawimbi. Bahari inalazwa kama mkeka. Mwezi wa kuogopa bahari ile ni wa vuli, upepo unapovuma na maji yakiwa wazi. MV Estonia ilizama Septemba 1994 ikaua watu 852, na siku hiyo hapakuwa na kipande cha barafu. Ilikuwa dhoruba, na mlango wa omoni uliong'oka. Februari mama anaweza kubeba kikombe cha chai kutoka mkahawani hadi kitandani bila kumwaga tone. Na kama ameona sinema ya meli iliyogonga mlima wa barafu, mtulize. Milima ile humeguka kutoka kwenye barafu za nchi kavu kama Greenland. Bahari ya Baltiki, hiyo mtakayoivuka, haina.

Kitakachomshtua ni kelele. Meli hutoka saa kumi na moja jioni, jua la Februari likiwa linazama. Mpeleke dirishani, kwa sababu baada ya kama robo saa mtapita Kustaanmiekka, mlango wa bahari kando ya ngome ya Suomenlinna. Upana wake ni kama mita 80, na meli yenyewe ina zaidi ya mita 31. Mtu aliyesimama juu ya ukuta wa ngome unamwona kofia yake ina rangi gani. Huko ndani barafu imekwisha kuvunjwavunjwa na meli zilizotangulia, inasikika kama changarawe. Nje zaidi, ikiwa ni barafu nzima, sauti inabadilika: mngurumo mrefu, halafu kishindo, halafu kama mtu anaburuta mapipa matupu kwenye sakafu ya saruji, usiku kucha. Usiku wangu wa kwanza nilivaa jaketi la kuokolea nikakaa kitandani. Serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, Mfini wa maneno machache, alifungua mlango, akaniangalia, akaufunga tena. Hakuwahi kulitaja jambo lile hata mara moja, na mpaka leo namshukuru.

Kwa hiyo badilisha chumba. Cha chini ya sitaha ya magari ni rahisi, lakini kelele yote iko hapo. Chukua cha juu, katikati ya meli au nyuma kuelekea tezi.

Kuhusu kukwama: hutokea, na ni haki mama aambiwe. Tarehe 4 Machi 2010 meli kama 50 zilinaswa karibu na visiwa vya Stockholm, ikiwemo feri ya abiria Amorella yenye watu wapatao 1,000. Iligusana hata na feri nyingine iliyonaswa jirani yake. Meli za kuvunja barafu zikaja zikawakwamua. Lakini angalia kilichowanasa. Unene wa barafu haukuwa wa ajabu mwaka ule. Ni upepo mkali uliokuja ukaisukuma barafu yote ya bahari upande wa Uswidi, vipande vikapandiana mpaka vikawa matuta, yale ambayo juu ya maji unaona mita moja au mbili na chini mizizi inashuka mita nyingi zaidi. Barafu iliyotulia meli huipasua huku watu wanacheza dansi. Barafu inayosukumwa na upepo huikaba meli ubavuni pande zote mbili. Ndiyo maana rubani wa huko akiamka hatazami kipimajoto kwanza. Anatazama upepo, sawasawa na nahodha wa Pemba, na anatazama ramani ya barafu ambayo idara yao ya hali ya hewa, Ilmatieteen laitos, huitoa kila siku wakati wa baridi. Ipo kwenye mtandao, nawe waweza kumfungulia mama.

Chukueni dawa zake za siku mbili zaidi, na usipange zamu yako hospitalini asubuhi ileile mnayorudi. Hayo tu.

*Baba, jambo sana. Mimi ni mama wa Uvira, niko Turku na watoto wangu tangu tulipotoka kambini. Shuleni kwetu walitufundisha maji ya chumvi hayagandi. Sasa hapa watu wanatembea juu ya bahari, wengine wamekaa juu ya ndoo wanavua samaki kwenye tundu. Ni bahari kweli hii, ao ni ziwa?*
*Mama wa Turku*

Jambo mama. Umeuliza swali ambalo mabaharia wengi waliofika pale kwa mara ya kwanza wanaona haya kuuliza.

Ni bahari, ila chumvi yake ni ya kupimia kijiko. Maji ya hapa kwetu katika kila kilo yana chumvi kama gramu 35. Ya mbele ya Helsinki yana gramu 5 au 6. Baltiki inamiminiwa maji na mito mingi, Neva ule wa St Petersburg ukiwa mkubwa kuliko yote, na mlango wake wa kutokea Atlantiki ni ile mikondo myembamba ya Denmark. Kwa hiyo maji matamu yanaingia kila siku, ya chumvi yanaingia kwa shida. Walimu wako hawakukosea sana: chumvi hurudisha nyuma kuganda. Maji ya bahari kuu huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na ya Helsinki huganda kwenye sehemu ya tatu tu ya nyuzi moja chini ya sifuri. Siku ya barafu kuyeyuka, chovya kidole ulambe. Utaona ni kama mchuzi ambao mpishi amesahau kuutia chumvi.

Na jambo jingine, kwa kuwa wewe ni mtu wa Ziwa Tanganyika halitakushangaza kama lilivyonishangaza mimi: bahari ile haina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza rubani bamvua, yaani maji ya kujaa sana, ni lini. Alidhani namuuliza habari ya sikukuu.

Hao wa kwenye ndoo, mama, wanajua wanapokaa. Karibu na njia ya meli usiwaruhusu watoto kamwe, hata wakiona nyayo za wengine. Meli ikipita, barafu ya kando inapasuka, na njia iliyofunguliwa asubuhi jioni imefunikwa ngozi nyembamba yenye theluji juu, inafanana kabisa na ile nzima.

*Shikamoo babu. Niko kidato cha tatu Tanga. Je, ile meli ya kuvunja barafu ina kisu mbele?*
*Kijana wa Raskazone*

Marahaba mjukuu wangu. Haina. Omo yake imelala mgongo kama kijiko, nayo haikati, inapanda. Injini zinaisukuma mpaka kifua chake kinakaa juu ya barafu, na uzito wa chuma unaibomoa kutoka juu. Mfikirie mtu mnene anayepanda kitanda cha kamba kilichochakaa, akidumbukia anasogea mbele anapanda tena. Murtaja, meli ya kwanza ya Wafini ya kazi hiyo, ilianza mwaka 1890 katika bandari ya Hanko, kusini kabisa, ambako barafu huwa nyepesi zaidi. Wafini kwa maelfu walipandia hapo wakienda kutafuta maisha Marekani, maana bandari nyingine zilikuwa zimefungwa na baridi. Ya sasa inayosifiwa ni Polaris ya mwaka 2016, yenye urefu wa mita 110 na inayotumia gesi. Lakini niipendayo ni Voima. Iliundwa mwaka 1954, na nilipoondoka bado walikuwa wakiipeleka kazini. Majira ya joto hulala pale Katajanokka katikati ya mji pamoja na wenzake. Watalii huwapiga picha bila kujua ni nini.

*Bwana Baharia, mimi nafanya biashara kati ya Helsinki na Tallinn, Estonia. Februari iliyopita feri ya jioni ilichelewa dakika 70. Wakatangaza eti ni barafu. Siku hiyo kulikuwa na joto, nyuzi 2 juu ya sifuri, theluji inadondoka kutoka kwenye mapaa! Walinidanganya? Nadai fidia.*
*Mfanyabiashara, Vantaa*

Punguza sauti, ndugu yangu. Huenda walikuambia kweli.

Joto hilo la ghafla mwezi wa pili huletwa na upepo wa kusini au wa kusini magharibi. Upepo huohuo unakusanya barafu yote iliyovunjika ya Ghuba ya Finland na kuijaza mlangoni mwa Helsinki. Sisi tulikuwa tunaipenda zaidi siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri isiyo na upepo.

Halafu kuna uji. Bonde la gati linalopitiwa na meli kila saa halina barafu nzima tena. Limejaa mabonge yaliyosagika, mengine makubwa kama jiko la mkaa, na kila usiku yanagandana yakazidi kunenepa kwa sababu maji mapya yanapata baridi kila yanapofunuliwa. Meli ikija kufunga, uji huo unabanwa kati ya ubavu na gati. Meli inabaki imesimama mita mbili kutoka gatini, abiria wameshavaa makoti, ngazi haifiki. Nahodha anawasha rafadha za kando kuusukuma nje, meli inarudi nyuma, inajaribu tena. Nimesimama omoni na amari mkononi dakika 25 nikingoja hivyo, na amari ikiloa kisha ikapigwa na baridi inakuwa gongo. Huikunji, unaipiga nyundo ya mti kwanza. Huku chini mafundi wana balaa lao: uji unaziba midomo ya kuvutia maji ya kupozea, kwa hiyo katikati ya barafu injini zinataka kuchemka. Dawa yake ni kurudisha maji ya moto yaliyotoka kwenye injini yayeyushe mdomo.

Sasa piga hesabu. Feri kama Megastar huvuka mara sita kwa siku, na hukaa gatini kama saa moja tu, watu na malori yakishuka na kupanda. Asubuhi ikipoteza dakika 10 kila upande, ile ya jioni, yaani yako, inarithi madeni ya siku nzima.

Fidia: sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inampa abiria wa safari isiyozidi saa 4 robo ya nauli akifikishwa kwa kuchelewa saa 1 au zaidi. Ila inaiachilia kampuni ikiwa hali ya hewa ilihatarisha usalama, na barafu ngumu imetajwa humo kwa jina. Andika ukitaka, uwaombe wakueleze kwa maandishi barafu ilikuwaje saa ile. Kama ilikuwa ni winchi yao mbovu, watababaika. Chai na kitafunio cha bure huanza wakijua kuondoka kutachelewa zaidi ya dakika 90, kwa hiyo hapo ulipungukiwa dakika 20.

Februari hii panda ya kwanza ya asubuhi, kabla deni halijaanza, na mzigo wa mteja wa haraka usiuweke kwenye ile ya mwisho.