Shemeji anataka kuwinda nyati, aanzie wapi?

SWALI: Kaka mhariri, shemeji yangu yuko Texas, mwakani anataka kuja kuwinda nyati Selous. Kashanunua nguo za mabakamabaka, anauliza ile bunduki yake ya .30-06 inatosha? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Hizo nguo aziache hukohuko bana, huku raia kuvaa mabaka ya jeshi ni kesi. Avae kaki, bluu na nyeusi hapana, mbung'o wanazifuata rangi hizo na wanauma mpaka juu ya suruali. Hiyo .30-06 kwa nyati sahau, ni bunduki ya risasi nene zaidi, kuanzia .375, na mazoezi asipige amekaa mezani tu, asimame, maana porini bunduki unaiegesha juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, mikono inatetemeka na nyati anakuangalia kama unadaiwa. Bastola asilete kabisa. Peke yake haendi, lazima kampuni yenye kitalu cha uwindaji na mwindaji bingwa mwenye leseni, hao ndo wanahangaika na vibali vya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na vya bunduki, aanze nao mapema. Msimu unafunguliwa Julai, mi ningesema Septemba, nyasi zimepungua. Hela aulize vizuri: malipo ya siku mbali, ada ya mnyama mbali, na akimjeruhi mnyama akapotea analipa vilevile.