Maswali ya Wasomaji: Mzinga Mkubwa wa Matsushima

SWALI: Manowari ya Japani iitwayo Matsushima ilikuwa na mzinga wa sentimita 32 (upana wa tundu la mtutu), lakini nasikia katika vita vya Yalu, vya baharini kati ya Japani na China mwaka 1894, haukupigwa sana. Ulikuwa mbovu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mitambo yake ilisumbua, lakini tatizo kubwa lilikuwa chombo chenyewe. Kruza hii (manowari nyepesi kuliko zile kubwa za deraya) ilichorwa na Mfaransa Louis-Émile Bertin, ikaundwa La Seyne karibu na Toulon, ikashuliwa 1890 na kukamilika 1892. Japani ilitaka kitu cha kutoboa deraya (bamba nene za chuma za kinga) ya Dingyuan na Zhenyuan, manowari za China zilizoundwa Ujerumani, zenye tani zaidi ya 7,000 kila moja. Bertin akachukua mzinga wa aina ya Canet, wa Kifaransa, wenye uzito wa tani zaidi ya 65 na kuutwisha meli ya tani 4,200 hivi.

Matokeo yake yalikuwa haya. Mzinga ukigeuzwa ubavuni, meli nzima inalalia upande huo, na mpiga shabaha analazimika kupima upya mwinuko wa mtutu. Ukifyatuliwa, kishindo kinaisukuma meli nje ya mwelekeo wake, na mshika usukani ana kazi ya kuirudisha. Hapo bado kombora jipya na baruti yake havijapandishwa kwa mashine za haidroliki, na hizo ndizo zilizokuwa zikigoma. Saa nzima iliweza kupita kati ya mlio mmoja na mwingine. Tarehe 17 Septemba 1894 Matsushima ilipiga mara 4 tu. Ukijumlisha na dada zake, yaani meli za muundo huohuo, Itsukushima na Hashidate, zote tatu zilipiga mara 13.

Kazi halisi ilifanywa na mizinga 12 ya Armstrong, kampuni ya Uingereza, ya milimita 120, inayopiga haraka. Haikuweza kutoboa deraya nene, lakini iliwasha moto na kufagia watu sitahani. Hatari yake ni kwamba mizinga ya namna hii hula risasi upesi, kwa hiyo risasi hurundikwa kando yake. Kombora la Zhenyuan lilipoingia, rundo hilo lililipuka. Mabaharia zaidi ya 90 waliuawa au kujeruhiwa, na Admeri Ito Sukeyuki, kamanda wa kikosi cha Japani, akahamishia bendera yake, yaani makao yake ya uongozi, Hashidate.

SWALI: Je, Matsushima ilizamishwa na Warusi?

JIBU: La. Ilizama tarehe 30 Aprili 1908 ikiwa imetia nanga Mako, visiwa vya Pescadores karibu na Taiwan, baada ya ghala lake la baruti kulipuka. Ilikuwa na wanafunzi wa unahodha, na waliokufa walizidi 200.

SWALI: Naunda modeli yake kwa kipimo cha 1:350. Niangalie nini?

JIBU: Kwanza, mzinga mkubwa uweke tezi (nyuma ya meli). Wengi hufuata picha za Itsukushima au Hashidate, ambazo mzinga wao uko omo (mbele), na zilikuwa na mizinga 11 ya milimita 120, si 12. Pili, urefu wa mtutu: ni kalibu 38 (upana wa tundu mara 38), yaani sentimita 32 mara 38, sawa na mita 12.16. Kwa kipimo chako hiyo ni milimita 35 kasoro kidogo. Ukiona mtutu unaonekana mrefu mno kwa meli ndogo kama hii, usiukate.