Muulize Fundi Redio: Unguja naisikia nusunusu

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Pangani. Kuna stesheni ya Unguja kwenye 97 FM, naipenda kwa taarabu yake ya usiku, lakini inakuja na mikwaruzo, tena ya Tanga iliyo jirani nayo kwenye masafa huifunika. Nimefunga mfuniko wa sufuria juu ya mwanzi, wapi! Nifanyeje? Na nikitaka Tanga je?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfuniko urudishe jikoni kabla wenyewe hawajaanza kuutafuta. Bahati yako ni kwamba Tanga iko kaskazini kwako na Mji Mkongwe uko kusini, kidogo mashariki. Unahitaji antena yenye uso na mgongo: uso uipe Unguja, mgongo uipe Tanga. Watu huiita Yagi, kwa jina la Profesa Hidetsugu Yagi, ingawa kazi kubwa ya mwaka 1926 kule Sendai, Japani, ilikuwa ya mwenzake Shintaro Uda. Ndivyo majina yanavyogawanywa.

Waombe mafundi wa madirisha ya alumini mabaki ya bomba nyembamba. Kwa 97, wimbi lina urefu wa mita 3.09, na vipimo vyote vinatoka humo. Kipande cha nyuma sm 155. Cha kati sm 147, lakini hiki kikate katikati na nusu zake zisigusane, mwanya wa sm 2 unatosha. Cha mbele sm 140. Vipange sambamba juu ya ubao mkavu: nyuma hadi kati sm 62, kati hadi mbele sm 46. Ukipotea sentimita moja usihangaike. Ukipotea kumi, umejenga kamba ya kuanikia nguo.

Chukua kebo ya antena ya TV. Uzi wa ndani ufunge kwa bolti kwenye nusu moja ya kile cha kati, wavu wake kwenye nusu ya pili, kisha paka grisi nyingi. Shaba na alumini zikikutana kwenye hewa ya chumvi hulana.

Wengi hukwama upande wa redio. Redio ndogo haina tundu la antena, basi ile ya kuvuta izamishe yote, uzi wa ndani ubane kwenye ncha yake, na wavu uguse hasi ya betri.

Kipande kifupi kitazame Unguja. Sauti ikiwa bado hafifu, geuza vipande visimame wima, maana stesheni nyingine hurusha wima na nyingine ulalo. Hapo mwanzi wako ni bora kuliko mlingoti wa chuma.

Sikudanganyi: ni zaidi ya kilomita 80 na dunia ina mviringo. Kuna usiku hewa ya baharini itakuletea taarabu safi, na kuna usiku utaambulia mikwaruzo tu. Radi ikianza kunguruma, chomoa kebo na kuitupa nje. Kuzima redio hakutoshi.

Ama Tanga, ni karibu kwako. Chomoa kebo, vuta antena ya redio yenyewe, utaipata.